Mchaniko mmoja unavyoshusha thamani ya kitabu cha kale cha katuni

NDANI ya ukuta wa nyumba kuukuu katika mji mdogo wa Elbow Lake, jimbo la Minnesota nchini Marekani, fundi aliyekuwa akiikarabati nyumba hiyo alikuta magazeti ya zamani yaliyoshindiliwa humo ili kuzuia baridi. Miongoni mwa karatasi hizo kulikuwa na nakala ya Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938, ambalo ndilo lililomtambulisha Superman kwa wasomaji kwa mara ya kwanza.

Nyumba yenyewe fundi huyo alikuwa ameinunua kwa dola 10,100. Kitabu hicho, ambacho bei yake ya awali ilikuwa senti 10 tu, kiliuzwa kwenye mnada Juni 2013 kwa dola 175,000.

Hata hivyo, fedha hizo zingeweza kuwa nyingi zaidi. Kabla ya mnada, kitabu kilipokuwa kikionyeshwa kwa jamaa wa familia, yalizuka mabishano, kikavutwa huku na huku, na jalada la nyuma likachanika. Kwa makadirio ya muuzaji aliyesimamia mnada, mchaniko huo ulikishusha kitabu kutoka alama 3.0 hadi 1.5 na kumgharimu mwenye mali kiasi cha dola 75,000.

Kisa hicho kinaeleza kwa ufupi jambo ambalo wakusanyaji wa vitabu vya kale vya katuni hulijua vyema: thamani ya kitabu haitokani na umri wala umaarufu wake peke yake, bali pia na hali ya karatasi, jalada, mgongo na pini zake. Kila mkunjo, doa au kipande kilichopotea huhesabiwa.

Mizani ya alama kumi

Biashara ya vitabu hivi ilianza kupata utaratibu mwaka 1970, pale Robert Overstreet wa Marekani alipochapisha kwa mara ya kwanza mwongozo wa bei. Miaka ya mwanzo yalitumika madaraja machache tu yenye majina ya kawaida kama vile "zuri", "safi" na "jipya". Kadiri bei zilivyopanda, wanunuzi walitaka vipimo vya kina zaidi, na madaraja yakaendelea kugawanywa.

Leo mizani inayotumika zaidi huanzia alama 0.5 hadi 10.0. Kitabu cha alama 10.0 hakina kasoro yoyote inayoonekana, nacho ni adimu hata miongoni mwa vitabu vilivyotoka kiwandani juzi. Alama 9.4 ni ya kitabu kilicho karibu na upya, 8.0 ni kitabu safi sana kilichosomwa kwa uangalifu, na 6.0 ni kitabu safi chenye dalili za wazi za kutumika. Alama 4.0 ni kitabu kilichochakaa lakini kikiwa kizima, na 0.5 ni kitabu duni ambacho huenda kimepoteza kurasa.

Jambo linalowachanganya wageni wa biashara hii ni daraja liitwalo "zuri". Kwa kuwa lilikuwa daraja la chini katika orodha fupi ya zamani, leo limeangukia kwenye alama 2.0. Kitabu "kizuri" kwa lugha ya wakusanyaji ni kitabu chenye mikunjo mingi, mgongo uliopasuka, madoa na pengine jalada lililolegea. Mnunuzi asiyelijua hilo anaweza kudanganyika na jina.

Mwaka 2000 ilianzishwa kampuni ya CGC ya Marekani, ambayo kazi yake ni kukagua vitabu kwa niaba ya watu wengine. Wakaguzi wake huhesabu kurasa, hutafuta dalili za ukarabati, hutoa alama, kisha kitabu hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Kampuni nyingine, CBCS, iliingia katika kazi hiyo mwaka 2014. Kabla ya hapo muuzaji ndiye aliyekuwa akitoa daraja la bidhaa yake mwenyewe, na ugomvi baina yake na mnunuzi lilikuwa jambo la kawaida.

Umuhimu wa alama hizo ulionekana wazi mwaka 2010. Februari ya mwaka huo nakala ya Action Comics namba 1 yenye alama 8.0 iliuzwa kwa dola milioni 1. Mwezi uliofuata, nakala nyingine ya toleo hilohilo, yenye alama 8.5, iliuzwa kwa dola milioni 1.5. Nusu alama ilikuwa na tofauti ya nusu milioni.

Mgongo na jalada

Kitabu cha katuni cha aina hiyo ni kitu chepesi: karatasi kadhaa zilizokunjwa katikati, zikafunikwa kwa jalada la karatasi laini yenye kung'aa, kisha zikashikanishwa kwa pini mbili. Sehemu inayobeba mzigo wote kinapofunguliwa ni mgongo. Kwa sababu hiyo, mgongo ni miongoni mwa sehemu ambazo mkaguzi huzitazama kwa makini zaidi.

Kila mara kitabu kinapofunguliwa, jalada hujikunja kidogo karibu na pini. Baada ya muda hujitokeza mistari midogo inayokatiza mgongo. Mkaguzi hujiuliza swali moja la msingi: je, mstari huo umevunja rangi? Iwapo wino umebanduka na weupe wa karatasi umeonekana, kasoro hiyo ni nzito na ya kudumu. Iwapo karatasi imebonyea tu bila rangi kukatika, adhabu huwa nyepesi. Majalada yenye rangi nyeusi au rangi nyingine iliyokolea huonyesha makovu hayo haraka kuliko yenye rangi hafifu.

Kasoro nyingine ya mgongo hutokana na tabia ya msomaji. Anayesoma huku amekunja upande mmoja wa kitabu nyuma ya mwingine husababisha mgongo upinde, hata kitabu kikilazwa mezani sehemu ya jalada la mbele huwa imehamia nyuma. Mgongo pia unaweza kupasuka kuanzia juu au chini, na mpasuko ukifika kwenye pini jalada huanza kuachia. Jalada lililong'oka kwenye pini zote mbili hukiondoa kitabu kabisa katika madaraja ya juu, hata kama michoro yake ingali inang'aa.

Aidha, mahali kasoro ilipo ni jambo la kuzingatiwa. Mkunjo unaopita usoni mwa shujaa kwenye jalada la mbele hupewa uzito mkubwa kuliko mkunjo kama huo kwenye tangazo la jalada la nyuma. Hakuna hesabu ya kutoa na kujumlisha inayotumika kwa kila kosa. Mkaguzi hutazama kasoro zote kwa pamoja, ukubwa wake, idadi yake na mahali zilipo.

Vipande vilivyopotea

Mchaniko na kipande kilichopotea ni mambo mawili tofauti. Mchaniko mfupi ukingoni huacha karatasi yote ikiwapo. Kipande kilichokatika hakirudi, kwa hiyo adhabu yake ni kubwa zaidi. Kona zilizolika, matundu ya pini za ukutani na alama za meno ya panya huingia katika kundi hilo.

Mfano maarufu wa hasara ya kipande kidogo ni The Incredible Hulk namba 181, toleo la Novemba 1974, ambamo Wolverine alitokea kikamilifu kwa mara ya kwanza. Kampuni ya Marvel wakati huo ilikuwa ikichapisha stempu ndani ya vitabu vyake, na wasomaji walihimizwa wazikate na kuzibandika katika kijitabu maalumu. Watoto wengi walichukua mkasi na kufanya kama walivyoelekezwa.

Leo mnunuzi wa toleo hilo, kabla ya kuulizia jambo lolote, huulizia stempu. Nakala ambayo kwa nje inaonekana safi, lakini ndani ina tundu la mraba dogo lililokatwa kwa mkasi, hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Katika hali kama hiyo kampuni ya ukaguzi inaweza kutoa lebo ya rangi ya kijani, maana yake alama iliyotolewa ina sharti: kitabu kingestahili daraja hilo kama kisingekuwa na kasoro hiyo moja. Kitabu kisicho na sharti lolote hupewa lebo ya buluu.

Si kila alama ya mkono wa binadamu huhesabiwa kuwa uharibifu mkubwa. Wauza magazeti wa zamani walikuwa na desturi ya kuandika kwa penseli au kugonga muhuri wa tarehe ya kupokea mzigo kwenye jalada. Maandishi hayo madogo kwa kawaida huvumiliwa. Jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu ya wino katikati ya jalada halina msamaha huo.

Maji, mwanga na kutu

Maji huacha alama tatu: doa lenye ukingo wa kahawia, karatasi iliyojikunjakunja, na mara nyingine kurasa zilizogandana. Kurasa zikigandana, jaribio la kuzitenganisha huweza kung'oa wino na kuongeza hasara. Unyevu wa muda mrefu nao huleta ukungu pamoja na vidoa vidogo vya kahawia vinavyotapakaa kwenye jalada.

Unyevu huohuo hushambulia pini. Chuma kikipata kutu, rangi yake huhamia kwenye karatasi inayokizunguka na kuidhoofisha, hadi jalada linachomoka lenyewe. Wakusanyaji wenye uzoefu huanza kukagua kitabu kwa kutazama pini zake, kwani kutu hueleza mahali kilipohifadhiwa.

Mwanga kwa upande wake hufifisha rangi na kuharakisha uchakavu wa karatasi. Vitabu vilivyowekwa katika rundo, kimoja kikiwa kimejitokeza kidogo, huonekana na ukanda mwembamba uliobadilika rangi ukingoni, kwa sababu sehemu hiyo pekee ndiyo iliyokuwa ikipata mwanga na hewa.

Adui aliye ndani ya karatasi

Uharibifu mwingine hauhitaji mkosaji. Kurasa za ndani za vitabu vya katuni vya karne iliyopita zilichapishwa kwenye karatasi ya magazeti, iliyotengenezwa kwa mbao zilizosagwa. Karatasi hiyo hubakiwa na lignini, kemikali inayoshikilia nyuzi za mti, ambayo ikikutana na hewa na mwanga hugeuka rangi. Asidi iliyomo ndani ya karatasi nayo hukata nyuzi polepole. Mtu yeyote aliyewahi kuacha gazeti dirishani kwa wiki chache ameshuhudia mwanzo wa jambo hilo.

Kwa sababu hiyo lebo ya ukaguzi hutaja pia rangi ya kurasa: nyeupe, nyeupe iliyofifia, rangi ya malai, hudhurungi, na mwisho kabisa kurasa zilizokauka zinazomeguka zikiguswa. Vitabu viwili vyenye alama moja vinaweza kutofautiana bei kutokana na weupe wa kurasa pekee. Nakala ya Action Comics namba 1 yenye alama 9.0, iliyouzwa Agosti 2014 kwa dola milioni 3.2, ilisifiwa hasa kwa kuwa na kurasa nyeupe, jambo la ajabu kwa karatasi ya bei nafuu iliyokuwa imetimiza miaka 76.

Kurasa zinazomeguka ndizo zinazoogopwa zaidi. Kitabu kilichofikia hali hiyo hupoteza chembe kila kinapofunguliwa, na hali yake haiwezi kurudishwa kuwa kama mwanzo.

Makosa ya kiwandani

Zipo kasoro ambazo kitabu kilizaliwa nazo. Vitabu vingi vya Marvel vya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vina ukingo wa kulia uliomeguka vipande vidogovidogo, kwa sababu visu vya kukatia karatasi kiwandani vilikuwa butu. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, iliyomleta Spider-Man, ni miongoni mwa vitabu vinavyoonekana mara nyingi na tatizo hilo.

Pini zilizopigwa pembeni, jalada lililokunjwa bila kulingana na mgongo, na rangi zilizochapwa nje ya mistari ni makosa ya aina hiyohiyo. Kwa kawaida adhabu yake huwa ndogo kuliko ya uharibifu uliotokea baadaye, lakini si sifuri, hasa kitabu kinapowania alama za juu kabisa. Ndiyo maana nakala safi za matoleo ya namna hiyo huwa ghali mno. Septemba 2021 nakala ya Amazing Fantasy namba 15 yenye alama 9.6 iliuzwa kwa dola milioni 3.6, ilhali nakala za madaraja ya chini za toleo hilo huuzwa kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Kuziba ufa, kujenga ukuta

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika biashara ya vitabu vya kale vya katuni methali hiyo inahitaji tahadhari, kwani anayeziba ufa bila ujuzi ndiye hujikuta na ukuta wa kujenga.

Kosa linaloongoza ni selotepu. Mzazi au mtoto aliyeona jalada limechanika alilibandika kwa nia njema. Baada ya miaka, gundi yake hupenya kwenye karatasi, huacha doa la manjano lisilotoka kirahisi, na plastiki yenyewe hubanduka pamoja na wino. Mchaniko ulioachwa kama ulivyo mara nyingi hudhuru thamani kidogo kuliko mchaniko uliobandikwa selotepu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Walipaka rangi kwa kalamu sehemu zilizobanduka, walijaza vipande vilivyopotea kwa karatasi nyingine, au walikata kingo zilizochakaa ili kitabu kionekane kipya. Kazi hizo huitwa ukarabati. Kitabu kilichokarabatiwa hupewa lebo ya zambarau, na bei yake huwa chini sana ikilinganishwa na kitabu chenye alama hiyohiyo ambacho hakijaguswa. Kukata kingo ni kosa baya zaidi kwa sababu karatasi iliyoondolewa haiwezi kurudi.

Wakaguzi hugundua ukarabati kwa kupima vipimo vya kitabu, kutazama nyuzi za karatasi kwa kioo cha kukuzia, na kumulika jalada kwa taa ya miali ya urujuanimno, ambayo huifanya rangi iliyoongezwa ing'ae tofauti na wino wa awali. Mtu aliyenunua kitabu kwa bei ya kitabu halisi, kisha akaletewa lebo ya zambarau, hupata hasara ambayo mara nyingi hawezi kuifidia.

Kuna pia uhifadhi, ambao ni kazi ya kitaalamu yenye lengo la kuzuia uharibifu usiendelee, kwa mfano kuunga mchaniko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga inayoweza kuondolewa kwa maji. Kazi ya namna hiyo hutajwa kwenye lebo, lakini soko huipokea vizuri zaidi kuliko ukarabati wa kujipamba.

Kunyoosha kitabu kwa joto, unyevu kidogo na shinikizo kumezua mjadala mrefu. Mbinu hiyo huondoa mikunjo ambayo haijavunja rangi na inaweza kupandisha alama. CGC haiihesabu kuwa ukarabati, kwa hoja kwamba hakuna kinachoongezwa wala kuondolewa. Wakusanyaji wa msimamo mkali hupinga, wakisema kwamba mnunuzi ana haki ya kuelezwa kila kilichofanyika.

Kuzuia ni nafuu kuliko kutibu

Historia ya mikusanyo mikubwa inaonyesha kwamba mahali pa kuhifadhia ndipo penye uamuzi. Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alinunua katika eneo la Denver, Colorado, maelfu ya vitabu vilivyokusanywa na Edgar Church. Vilikuwa vimepangwa katika marundo, mahali penye giza, katika mji wenye hewa kavu. Hadi leo nakala zitokazo katika mkusanyo huo huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizohifadhiwa vizuri kupita zote za kipindi chake.

Hali kadhalika, mwaka 2024 ndugu watatu huko kaskazini mwa California walikuta katika dari ya nyumba ya marehemu mama yao sanduku la vitabu vya katuni lililofunikwa kwa magazeti makuukuu. Ndani yake mlikuwa na Superman namba 1 ya mwaka 1939. Ilipewa alama 9.0, na Novemba 2025 iliuzwa kwa dola milioni 9.12. Hali ya hewa ya baridi ya eneo hilo ilitajwa kuwa sababu mojawapo ya kunusurika kwake.

Kwa mwenye vitabu vya aina hiyo, mambo ya kuzingatia ni machache. Kila kitabu kiwekwe katika mfuko wa poliesta pamoja na ubao mwembamba usio na asidi, kisha kisimamishwe wima ndani ya sanduku bila kubanwa wala kulegea. Sanduku liwe mbali na sakafu, bomba la maji na dirisha, katika chumba chenye baridi ya wastani kisicho na unyevu mwingi. Mifuko ya plastiki ya bei nafuu hubadilika kadiri miaka inavyopita, hivyo sharti ibadilishwe mara kwa mara. Mikono iwe safi na mikavu, na kitabu kisifunguliwe hadi kulala chali.

Muhimu kuliko yote, mwenye kitabu kilichochanika asikibandike, asikisafishe wala asikipake chochote kabla ya kukionyesha kwa mtaalamu.

Nakala ya Elbow Lake ilikaa ndani ya ukuta kwa miongo mingi, ikivumilia vumbi na majira ya baridi kali ya Minnesota, bila mtu yeyote kujua kuwa ipo. Ilitoka ikiwa imechakaa, lakini ikiwa na alama 3.0. Nusu ya alama hizo ilipotea baada ya kutolewa ukutani, mikononi mwa watu waliokuwa wameshatambua thamani yake.